Kipande cha tatu

Basi la usiku kutoka Mombasa limeniletea mzigo hapa Kariobangi: wota pampu ya boti ya mjomba. Injini yake ni ya dizeli, imefungwa ndani ya boti, na tangu juzi inachemka.

Nimefungua kifuniko.

Impela, yaani kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, ilikuwa na mapanga sita. Yamebaki matatu, magumu, yamepinda upande mmoja.

Mpira huo hupozwa na maji ya bahari unayoyavuta wenyewe. Ukizunguka mkavu, hata dakika chache, unaungua.

Kuweka impela mpya si kazi. Kazi ni kusaka vipande vilivyokatika, maana vinakwenda na maji na kuziba mirija ya kipoza injini.

Nikampigia. "Mjomba, nakuomba, funga bomba la maji la chini ya boti, kisha fungua kipoza."

Akapata viwili. Nikamwomba aangalie tena.

Saa nane picha imeingia: kipande cha tatu kwenye kiganja chake, kimechongoka kama ukucha.

Nimeitazama sana hiyo picha. Mzee huyu huenda baharini peke yake.

Jamani, impela nzuri Nairobi mnapata wapi? Nataka ipande basi la leo usiku.