Siku Moja Mikumi: Jinsi ya Kuipanga Isiishie Barabarani

Watanzania wengi husema wameiona Mikumi, na kwa kiasi fulani husema kweli, kwa sababu barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na abiria aliyekaa dirishani huweza kuwaona twiga, swala pala, nyani na, akibahatika, kundi la tembo, bila kulipa hata shilingi. Makala hii ni ya yule anayetaka kuingia langoni, ambaye kazi, watoto na mfuko vimempa siku moja tu. Kwa maoni yangu siku hiyo inatosha, mradi ipangwe kwa kufuata saa za wanyama. Ratiba nyingi ninazoziona hupangwa kwa orodha ya maeneo ya kufika, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, yaani takriban mara mbili ya Mkoa wa Dar es Salaam. Hakuna gari litakalouzunguka ukubwa huo kwa siku moja, na wala halina haja ya kujaribu. Barabara kuu imeigawa hifadhi pande mbili zisizofanana: kaskazini kuna tambarare ya Mkata, nyasi wazi zenye migunga na mibuyu hapa na pale, na kusini kuna vilima na misitu ya miombo inayoendelea hadi kwenye mpaka na eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambako sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Palahala na tandala mkubwa wanaopendelea miombo ni wanyama wazuri sana, lakini kuwatafuta kunataka muda na subira, na mwenye siku moja hana vyote viwili kwa pamoja. Abaki kaskazini, ambako njia za magari ni nyingi, macho yanafika mbali, na lango kuu lipo papo hapo.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika usiku wa kuamkia safari. Kutoka Dar es Salaam hadi hifadhini ni kilomita 283, na mtu anayeondoka mjini alfajiri, akapambana na foleni ya kutoka jijini na malori ya njia hiyo, atafika langoni wakati jua limeshakuwa kali na simba wamekwisha kujilaza vichakani. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, njia rahisi kwangu ni kufika Morogoro jioni iliyotangulia, kulala hapo, na kuianza safari ya gari kabla ya mapambazuko. Au, bora zaidi, kuendelea hadi mji mdogo wa Mikumi, uliopo upande wa pili wa hifadhi kama unaelekea Iringa, ambako nyumba za wageni zipo za bei tofauti tofauti. Anayelala Mikumi mjini huwa ameshalipita lango na itambidi arudi nyuma kidogo asubuhi. Kurudi huko si hasara, kwa kuwa barabara yenyewe hukatiza hifadhini, na alfajiri wanyama huwa pembezoni mwake. Vibao vilivyosimamishwa kando ya barabara vinataja faini ya kila mnyama atakayegongwa, na dereva anayevisoma kwa makini hupunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

Malipo yashughulikiwe mapema. Malango ya hifadhi za taifa hayapokei fedha taslimu. Mgeni hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, akalipa kwa benki, kadi au simu, na siku mtandao unapogoma foleni hukua haraka. Wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango kilicho chini sana kuliko cha wageni wa nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mkononi na si ndani ya begi lililofungwa nyuma ya gari. Jambo linalosahaulika ni kwamba kibali cha kuingia ni cha saa 24 lakini kwa kawaida ni cha kuingia mara moja: ukitoka kwenda kula wali mjini saa 7 mchana, kurudi kwako ni kuingia upya. Chakula na maji ya siku nzima viingie na gari, vikiwa ndani ya vyombo, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na hifadhini hakuna anayelifumbia macho jambo hilo.

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na hapo ndipo gari lako linapaswa kuwa limesimama. Saa tatu za mwanzo zina thamani kuliko saa zote zinazobaki. Simba hupumzika hadi saa 20 katika siku moja, na muda mchache anaokuwa macho huangukia usiku na pembezoni mwa usiku. Asubuhi na mapema bado yumo njiani akirudi kutoka mawindoni, au amepanda juu ya kichuguu akiitazama tambarare, jambo ambalo simba wa Mkata wanajulikana nalo. Hata walao nyasi, nyumbu, pundamilia, nyati na pofu, hutembea na kula hadharani kabla ya joto, kisha husogea kivulini mmoja mmoja.

Katika saa hizo, ningemwomba dereva aende kilomita 20 au 25 kwa saa na asimame mara nyingi. Hesabu ni rahisi: kwa mwendo huo, nusu ya muda mkiwa mmesimama, saa tatu zinawatosha kilomita 30 au zaidi kidogo, na hizo ni nyingi mno katika eneo ambalo mnyama anaweza kuwa hatua 40 kutoka njiani na asionekane. Wageni wengi humtafuta simba kwa kumtafuta simba, ilhali rangi yake na rangi ya nyasi kavu ni moja. Njia ya uhakika zaidi ni kuwatazama wengine. Twiga aliyesimama bila kutafuna, shingo imeelekea upande mmoja, ameona kitu. Swala pala wakikoroma na nyani wakibweka kutoka mtini wanatoa taarifa. Tai wakiwa wametulia juu ya mti badala ya kushuka, mara nyingi mzoga upo chini na mwenyewe bado anakula. Zima injini usikilize. Dereva mwongozaji mwenyeji huyasoma haya yote kabla abiria hajamaliza kufungua chupa ya chai, na kama kuna gharama moja nisiyoipunguza katika safari hii, ni malipo ya mtu huyo.

Saa 4 asubuhi ikishapita, achana na tambarare. Bwawa la viboko lipo kama kilomita tano tu kaskazini-magharibi mwa lango kuu, na viboko hawana haraka: ngozi yao haistahimili jua, hivyo mchana kutwa wamo majini na hutoka usiku kwenda malishoni. Kwa sababu hiyo ni kosa la kiratiba kuanzia siku bwawani, kama vifurushi vingi vya safari vinavyofanya kwa kuwa pako karibu. Bwawa liwekwe mchana, wakati hakuna kingine cha kuona, pamoja na mamba walioanika miili ukingoni na ndege wa majini, ambao peke yao wangetosha kumshughulisha mtu mwenye darubini. Hifadhi ina zaidi ya aina 400 za ndege, na mchana mrefu ndio wakati wao wa kupewa heshima. Chakula kiliwe sehemu iliyotengwa, macho yakiwa kwa tumbili.

Kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu jioni, rudini Mkata kwa njia nyingine tofauti na ya asubuhi. Tembo huelekea majini wakati huo, hasa miezi ya kiangazi, na mwanga wa upande hurahisisha kuona. Msiweke matumaini kwa vifaru, kwani Mikumi hawapo. Chui wapo lakini hawaonyeshwi kwa ratiba. Na mbwa mwitu wanapoonekana, siku yote imelipwa.

Kuhusu msimu, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya mtu mwenye siku moja. Nyasi zimekauka, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama wanalazimika kuzifuata. Kati ya Machi na Mei mvua za masika huugeuza udongo mweusi wa Mkata kuwa tope linaloshika gurudumu na kutoliachia, baadhi ya njia hufungwa, na gari dogo la mjini halina kazi huko. Hata kiangazi, ubaya wa gari dogo ni kimo chake: ukikaa chini, nyasi zinakuzidi. Nguo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Bluu iliyoiva na nyeusi huwaita mbung'o, na penye miti mbung'o wa Mikumi huuma juu ya shati bila kuomba radhi.

Utashawishiwa kuunganisha Mikumi na maporomoko ya Sanje katika Milima ya Udzungwa kwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwenye ramani yanaonekana jirani. Kupanda Sanje ni kazi ya miguu inayotaka asubuhi yake yenyewe, na ukiiweka mchana, unakuwa umeuza ile alasiri ya Mkata kwa bei ya hasara. Ipangiwe siku ya pili, au mwaka mwingine.

Kutoka langoni kuwe kabla ya saa 12 jioni, mafuta yakiwa yamejazwa tangu asubuhi Morogoro au Mikumi mjini. Anayerudi Dar es Salaam kwa treni akate tiketi ya kesho yake asubuhi, alale tena Morogoro, kwa sababu kati ya lango na kituo kuna takriban kilomita 90 za malori na matuta, na zile za mwanzo bado zimo ndani ya hifadhi, ambako baada ya magharibi tembo na nyati huvuka barabara wakati wanaotaka wao.