Kigawo na Kigawe: Herufi Moja Iliyompotosha Mpwa Wangu

Wiki iliyopita mpwa wangu, ambaye yuko darasa la tano hapa Tanga, alikuja kwangu Ngamiani na daftari la Hisabati lililojaa alama za kosa. Swali la kwanza lilimtaka aorodheshe vigawo vya 12, naye akaandika 12, 24, 36, 48 na 60. Swali la pili lilitaka vigawe vya 5 vilivyo chini ya 30, akaandika 1 na 5. Nilipoyapitia majibu yake yote niligundua kwamba hakuna hata hesabu moja aliyoikosea. Alichokosea ni neno, kwa sababu kila palipoandikwa kigawo alisoma kigawe, na kila palipoandikwa kigawe alisoma kigawo. Aliniuliza, "Mjomba, kwani si kitu kimoja?" Nilimwelewa kabisa, maana nami nilimaliza shule ya msingi nikiwa na mkanganyiko huohuo. Tulikaririshwa maana zote mbili kwa sauti, lakini hakuna aliyetueleza kwa nini herufi moja ya mwisho igeuze jambo zima.

Sababu imo ndani ya Kiswahili chenyewe, na naona ni hasara kubwa kumfundisha mtoto wa Kitanga hesabu hii bila kumwonyesha. Kipimo ni kitu tunachopimia, kizibo ni kitu tunachozibia, na kifuniko ni kitu tunachofunikia. Basi kigawo ni kile tunachogawia. Kwa upande wa pili, mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, na kiumbe ni kilichoumbwa. Basi kigawe ni kile kinachogawiwa, yaani kinachokubali kugawanywa bila kubakiza kitu. Herufi o inatupa chombo cha kutendea, na herufi e inatupa kile kinachotendwa. Kwa hiyo 3 ni kigawo cha 12 kwa sababu inaigawa, na 12 ni kigawe cha 3 kwa sababu inagawiwa nayo. Mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ikiwa ni hivyo, 12 ni kigawo chake yenyewe na ni kigawe chake yenyewe pia. Hilo sikumwambia mimi. Alilifikia mwenyewe kwa kuyafuata maneno, na ni kweli.

Baada ya hapo vigawo vya 12 vilikuja bila shida: 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Nilimkumbusha simulizi za marehemu babu yetu, aliyekata mkonge katika mashamba ya mkoa huu, kwamba majani yalifungwa matita ya thelathini thelathini. Tukatafuta vigawo vya 30, tukapata vinane: 1, 2, 3, 5, 6, 10, 15 na 30. Tita la majani 31 lingekuwa na viwili tu.

Kigawe Kidogo cha Shirika, ambacho shuleni hufupishwa KDS, tulikipatia sokoni. Muuza machungwa ya Muheza huyapanga chini kwa mafungu, na nilimuuliza mpwa wangu ni machungwa mangapi kwa uchache yanayoweza kupangwa mafungu ya sita sita au ya nane nane bila hata moja kubaki pembeni. Aliandika vigawe vya 6, yaani 6, 12, 18, 24, kisha vya 8, yaani 8, 16, 24, na pale orodha mbili zilipokutana akaona maana ya neno shirika, kwamba ni namba ambayo 6 na 8 wanashirikiana. KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, haikuhitaji maelezo marefu tena. Vitumbua 48 na maandazi 36 hugawika sawasawa katika sahani zisizozidi 12, kila sahani vitumbua vinne na maandazi matatu.

Namba tasa ndizo zilizotuchukua jioni nzima. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, na neno lenyewe lilimsumbua, kwa kuwa tasa ni neno ambalo mtaani husemwa kwa kuumiza watu. Nilimwambia kwamba hapa halimtukani mtu yeyote, na kwamba kwa maoni yangu linaeleza nusu tu ya ukweli. Namba hizi haziwezi kuvunjwa zikatoa namba ndogo zaidi, lakini zikizidishwa ndizo zinazozaa zote nyingine: 12 ni 2 × 2 × 3, na 30 ni 2 × 3 × 5, na kila namba nzima iliyozidi 1 ina uzao wake mmoja tu wa namba tasa, hata ukibadilisha mpangilio wa kuziandika. Hapo ndipo panapojulikana kwa nini 1 haimo miongoni mwao. Ina kigawo kimoja tu, na kama tungeiita tasa, 12 ingeweza pia kuandikwa 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila mwisho, na ule upekee ungepotea.

Barabara nyingi za Ngamiani huitwa kwa namba, na mtoto huyu hupita kadhaa akija kwangu, kwa hiyo tulianza na namba 1 mpaka 20 kana kwamba tunazipita kwa miguu. Tukaiacha ya 1, tukaibakiza ya 2 na kufuta vigawe vyake vyote vingine, tukaibakiza ya 3 na kufuta vyake, na zikasalia 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19. Aliona mara moja kwamba 2 ndiyo shufwa pekee, yaani inayogawika kwa 2, na nyingine zote ni witiri, neno analolijua tangu madrasa kwa sala ya witiri. Njia hii huitwa chekeche la Eratosthenes, mtaalamu aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, aliyeongoza maktaba ya Iskandaria kule Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kwa hiyo ni maarifa ya bara letu pia.

Aliendelea peke yake mpaka 100. Nilimwambia kwamba akishafuta vigawe vya 2, 3, 5 na 7 aweke kalamu chini. Namba isiyo tasa iliyo chini ya 100 ni zao la namba mbili ndogo, na angalau moja kati ya hizo mbili haizidi 10, hivyo hiyo lazima igawike kwa tasa mojawapo kati ya hizo nne. Zilibaki namba 25. Hakuamini kwamba 91 imefutwa, mpaka alipozidisha 7 kwa 13.

Kisha akauliza zinaishia wapi. Nilimjibu kama Euclid, mtaalamu wa hisabati wa Kigiriki, alivyoonyesha miaka 300 hivi kabla ya Kristo: chukua namba tasa zozote ulizonazo, zizidishe zote, kisha ongeza 1. Namba utakayopata, ukiigawa kwa yoyote kati ya zile, daima itabakiza 1. Basi ama yenyewe ni tasa mpya, au inagawika kwa tasa ambayo hukuwa nayo. Alizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 akapata 30,030, akaongeza 1, akaniomba nimwambie ni tasa au si tasa. Nilimpa 59 na 509 azizidishe. Alizipanga kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, akapata 30,031, akarudi kuzitazama zile namba zake sita, na 59 haikuwamo.