Uso Ambao Injili Hazikuuchora

Sebuleni kwa marehemu nyanya yangu, kule Mikindani, Mombasa, palitundikwa picha ya Bwana Yesu ndani ya fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Rozari ilining'inia kwenye kona ya fremu hiyo, na kila jioni kabla ya chakula tuliielekea picha tukasali. Nilikulia mbele ya uso ule: macho ya buluu yaliyokaza bila kupepesa, mashavu yaliyobonyea kidogo, nywele za kahawia zilizogawanywa katikati ya utosi. Nilikuwa kidato cha pili nilipoutambua uso huohuo kwenye televisheni ya jirani, siku ya Ijumaa Kuu, ukizungumza Kiingereza. Picha tuliyoipigia magoti miaka yote hiyo ilikuwa ya Robert Powell, mwigizaji Mwingereza, aliyepigwa picha akiwa kazini katika "Jesus of Nazareth", mfululizo wa televisheni ulioongozwa na Franco Zeffirelli na kutolewa mwaka 1977.

Sikuthubutu kumwambia nyanya. Alikuwa mwanamke wa Kitaita aliyekuja Mombasa kumfuata mumewe aliyefanya kazi bandarini, na sala zake mbele ya picha ile zilikuwa za kweli kuliko zangu. Lakini tangu siku ile, kila nilipofumba macho kusali, nilimwona mwigizaji. Nilijaribu kumwondoa akakataa kuondoka, na hata leo, nikiwa mtu mzima ninayefundisha katekisimu, bado yupo. Kwa sababu hiyo mzazi mmoja aliponiuliza majuzi, "Mwalimu, Juma Kuu hili tuwaonyeshe watoto filamu gani?" sikuweza kumjibu palepale. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu nililomwahidi.

Mtu akizisoma Injili zote nne, kuanzia mwanzo hadi mwisho, hatakuta mstari hata mmoja unaosema kama Yesu alikuwa mrefu au mfupi, mweupe au mweusi. Isaya, katika unabii ambao Kanisa limeusoma tangu zamani kuwa unamhusu yeye, anasema "hana umbo wala uzuri". Usiku wa kukamatwa kwake, Yuda alilazimika kupatana na waliokuja naye juu ya ishara, yaani busu, kwa kuwa katika giza la bustani wasingeweza kumtofautisha na wavuvi aliotembea nao. Maria Magdalena alimdhania mtunza bustani. Wanafunzi wawili walifuatana naye njia nzima ya kwenda Emau wasimtambue mpaka alipoumega mkate. Sasa mtazame Yesu wa sinema: kanzu yake ni nyeupe pepepe huku wenzake wamevaa nguo za rangi ya udongo, kimo chake kinawapita wote, nywele zake zimechanwa, na mwanga unamfuata kila anakoelekea. Yesu huyo asingehitaji busu la Yuda ili akamatwe. Wangemjua wakiwa bado ng'ambo ya kijito cha Kidroni.

Wasiwasi huu una umri sawa na sinema yenyewe. Bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza ilipoanza kazi mwaka 1913 ilikuwa na makatazo mawili tu yaliyowekwa wazi: kuonyesha uchi, na kuonyesha umbo la Kristo. Miaka 14 baadaye, huko Marekani, Cecil B. DeMille alitoa "The King of Kings", filamu isiyo na sauti, na namna alivyomleta Yesu mbele ya watazamaji inanigusa hadi leo. Tunamwona kwa mara ya kwanza kupitia macho ya mtoto kipofu anayeponywa. Skrini ni giza, kisha nuru inapenya taratibu, na ndani ya nuru hiyo unatokea uso. H. B. Warner, aliyepewa nafasi hiyo, alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Waliofuata hawakuwa na subira ya namna hiyo. Mwaka 1961 Jeffrey Hunter alitutazama kwa macho ya buluu yaliyoijaza skrini. Mwaka 1965 nafasi ikapewa Max von Sydow kutoka Sweden, na majangwa ya Utah na Arizona yakawa ndiyo Nchi Takatifu. Katika filamu hiyo ya 1965 Sidney Poitier, Mmarekani mweusi, aliigiza Simoni Mkirene, yule aliyembebea Yesu msalaba. Nauheshimu sana mzigo wa Simoni, ambaye mji wake wa Kirene ulikuwa katika Libya ya leo. Hata hivyo niliumia kuona kwamba, katika filamu ndefu kiasi kile, mtu mweusi ninayemkumbuka ni yule aliyekuja kubeba.

Ninayoirudia kila mwaka ni "Ben-Hur" ya William Wyler, ya mwaka 1959, ambayo wengi huikumbuka kwa mashindano ya magari ya farasi. Mimi huikumbuka kwa maji ya kunywa. Ben-Hur amefungwa minyororo pamoja na wafungwa wengine, wanaswagwa jangwani kupelekwa kwenye merikebu za makasia, na walipofika Nazareti mkuu wa askari anaamuru kwamba huyu mmoja asipewe maji. Anaanguka chini akimwomba Mungu amsaidie. Mkono unatokea, unamnywesha, unamlowesha kichwa, unampapasa nywele. Askari anakuja kwa hasira na mjeledi wake kuirudia amri. Mtu yule anasimama, nasi twaona mgongo na nywele zake tu, kisha kamera inabaki kwenye uso wa askari. Anataka kusema neno, anasita. Anageuka kwenda zake, anageuka tena kutazama, na ukali wote umemwisha. Claude Heater, mwimbaji wa opera aliyeigiza sehemu hiyo ya Yesu, haonyeshwi uso wala hasikiki akisema neno katika filamu nzima. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara najiuliza askari yule aliona nini. Swali hilo hunipeleka kwenye sala upesi kuliko macho ya Powell yalivyowahi kunipeleka.

Kwa sisi wa Mombasa njia hiyo ya kuuficha uso si ngeni. Nyumba yetu ilipakana na ya jirani Mwislamu, bibi wa Kiswahili aliyetuletea kaimati kila Ramadhani, na ukutani kwake palikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyotiwa nakshi, pasipo sura ya mtu yeyote. Ilinilazimu kumweleza mtu habari ya Powell, nikamweleza yeye. Hakunicheka, wala hakuitumia habari ile kunishinda kwa hoja. Alisema, "Mwanangu, sisi hatuwachori Mitume. Ukishamchora, utakuwa wamwona yule uliyemchora wewe." Nabii Isa ni mtume kwake pia, na alikuwa akimtaja kwa heshima ambayo sikuisikia kwa Wakristo wengi.

Miaka mingi baadaye niliitazama "The Message" ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria, nikayakumbuka maneno ya bibi yule. Filamu hiyo inasimulia maisha ya Mtume Muhammad bila kumwonyesha na bila kuisikizisha sauti yake. Waigizaji wanaitazama kamera na kumjibu asiyesikika. Ali anatambulishwa kwa upanga wake wenye ncha mbili. Filamu ilirekodiwa mara mbili sambamba, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, Anthony Quinn akiwa Hamza, ami yake Mtume, katika moja na Abdullah Gaith katika nyingine. Kuna mahali mazungumzo ya upande mmoja yanachosha, nakiri. Lakini mtazamaji wake anaondoka bila sura ya mtu mwingine kuganda kichwani mwake.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu imani yangu inakiri kwamba Neno alifanyika mwili, na mwenye mwili ana uso. Sisemi picha zichomwe wala filamu zipigwe marufuku. Ninachotaka ni filamu inayokubali kwamba uso wa kweli haijauona, na inayokumbuka kwamba mwili ule ulikuwa wa mtu wa kazi.

Asubuhi moja nilisimama Mji wa Kale, mitaa michache kutoka ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuipa jina la Yesu pamoja na mizinga yake, nikimtazama seremala akichonga fremu ya mlango. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umevilia damu kwa kugongwa na nyundo. Vumbi la mbao lilikuwa limetulia kwenye nyusi zake, na viganja vilikuwa vimekakamaa kiasi kwamba aliupitisha mkono juu ya ubao uliojaa vibanzi bila kujali. Ana asili ya Yemen kama wengi wa mtaa ule, na nikawaza kwamba fundi wa Galilaya wa karne ya kwanza huenda alifanana naye zaidi ya alivyofanana na Powell, Hunter au von Sydow. Sijapata kuiona mikono kama ile katika sinema. Yesu wa filamu huitwa mwana wa seremala, na akiinyanyua mikono yake kubariki, ni mikono ya mtu asiyewahi kushika randa.

Wapo waliojaribu. Mel Gibson, katika filamu yake ya mateso ya mwaka 2004, aliyabadilisha kwa kompyuta macho ya Jim Caviezel yakawa ya kahawia, akambandika pua ya bandia, na akawafanya waigizaji waseme Kiaramu, Kiebrania na Kilatini. Juhudi hiyo naithamini, ingawa damu ilizidi mpaka nikashindwa kumtazama aliyekuwa akitokwa nayo. Mwitaliano Pier Paolo Pasolini, mwaka 1964, alikaribia zaidi: alimchukua mwanafunzi Mhispania, Enrique Irazoqui, asiye mwigizaji, akamzungusha kati ya watu wa kawaida wa kusini mwa Italia, wenye nyuso zilizochomwa na jua, akaisindikiza Injili ya Mathayo kwa nyimbo zikiwemo za "Missa Luba", ile misa ya Congo. Yesu wake ana haraka, anahubiri huku akitembea, na wanafunzi wanamfuata kwa shida. Kisha ipo "Son of Man" ya mwaka 2006, ya Afrika Kusini, ambamo Andile Kosi anamwigiza Yesu anayesema Kixhosa. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilishtuka, na mshtuko huo ulinifunulia ni kwa kina gani picha ya sebuleni ilikuwa imenikaa.

Kuhusu watu wengine wa Biblia katika sinema nitasema kwa kifupi. Musa wa Charlton Heston, katika "The Ten Commandments" ya mwaka 1956, ananguruma kama simba, wakati Musa wa Kitabu cha Kutoka alimwambia Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, na alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Maria Magdalena ameonewa zaidi. Luka anasema alitokwa na pepo saba. Hakuna Injili inayomwita kahaba. Mahubiri ya Papa Gregori wa Kwanza ya mwaka 591 ndiyo yaliyomwunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi, asiyetajwa jina, aliyemwosha Yesu miguu kwa machozi na kuipangusa kwa nywele zake, na waongozaji wa filamu wameishikilia hadithi hiyo kwa sababu inawapa machozi na nywele zilizofunguliwa. Mabinti ninaowafundisha wanastahili kumjua kama shahidi wa kwanza wa kaburi tupu.

Kuna jambo moja linalonisumbua kila ninapodhani nimelimaliza suala hili, nalo ni sauti. Nilipokuwa mtoto walikuja watu na jenereta na projekta, wakatundika shuka jeupe kwenye kiwanja karibu na kwetu, wakaonyesha ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, ambayo hadi sasa imeshaingizwa sauti katika lugha zaidi ya 2,000. Aliyeigiza ni Brian Deacon, Mwingereza mwingine. Midomo yake ilisema Kiingereza, maneno yakatoka kwa Kiswahili, yakichelewa kidogo. Upepo ulikuwa ukilipuliza shuka na uso wake ukawa unajikunja na kujikunjua. Nyanya alikaa mbele kabisa, juu ya leso yake. Yesu alipotazama juu ya mti na kumwambia Zakayo ashuke upesi, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake, nyanya aliitika kwa sauti iliyosikika kiwanja kizima: "Karibu, Bwana."

Sidhani kwamba usiku ule aliyaona macho ya Deacon. Alisikia mgeni akibisha hodi kwa lugha ya nyumbani, akamkaribisha. Nimejaribu kuipatanisha hali hiyo na malalamiko yangu yote nikashindwa, na sitaki kuificha kwa kuwa inanipinga.

Mzazi aliyeniuliza nimemjibu hivi. Awaonyeshe watoto sehemu ya maji ya "Ben-Hur", kisha azime televisheni na kumwacha kila mtoto aseme askari aliona nini, wala asiwasahihishe. Wakubwa kidogo wanaweza kutazama "Son of Man" pamoja na mtu mzima, maana ina ukatili. Na kabla ya filamu yoyote, mmoja wao asome kwa sauti habari ya busu bustanini.

Picha ya nyanya nilipewa mimi baada ya mazishi. Wiki iliyopita niliifungua fremu, nikaandika nyuma ya karatasi kwa kalamu: "Robert Powell, mwigizaji, 1977." Chini yake nikaongeza jina la nyanya na miaka aliyosali mbele yake. Kisha nikaifunga, nikairudisha ukutani na rozari yake kwenye kona.