Nilivyofundisha matumizi mema ya mtandao kwa wanafunzi wasioruhusiwa kuja na simu

Shuleni kwetu Mbagala, kama ilivyo katika shule nyingi za kutwa, simu ni marufuku. Lakini mwanafunzi akifika nyumbani anashika simu ya mama au ya kaka, na huko mwalimu hayupo. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kipindi cha ushauri nasaha cha Kidato cha Pili, nilikielekeza kwenye jambo hilo: mtoto afanyeje akiwa na intaneti mkononi na hakuna anayemtazama.

Nilianza kwa kuandika ubaoni ujumbe ambao hakuna asiyeujua: "Ile pesa nitumie kwenye namba hii." Darasa zima likaangua kicheko, kisha visa vikamiminika. Bibi wa mmoja alishatuma hela ya kodi. Nikawauliza, tapeli alijua nini kuhusu bibi? Walibishana mpaka binti mmoja akasema, "Madam, hajui kitu. Anatuma kwa watu wengi, hawezi kukosa mmoja anayedaiwa kweli." Hapo ndipo nilipowapa namba 15040 ya kuripotia ujumbe wa kitapeli, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wengi walikwenda kuwaonyesha wazazi jioni ileile.

Msimu wa mvua ulipofika, ikasambaa picha ya Jangwani iliyofunikwa na maji, ikidaiwa ni ya asubuhi hiyo. Niliichapisha, nikaipitisha madawati yote, na swali langu lilikuwa moja tu: ni kitu gani hakipo? Kijana anayepita pale kila mara alisema barabara ya mwendokasi haionekani. Mabasi yale yalianza kubeba abiria Mei 2016, na ujenzi ulitangulia. Tulipoitafuta picha hiyo kwenye kompyuta ya maabara, tukaikuta kwenye habari za mafuriko ya Desemba 2011. Napenda zoezi hili kwa sababu mtoto wa Dar anatumia macho yake na mji anaoujua, haambiwi tu "msiamini kila kitu".

Kazi ngumu ilikuwa stika. Binti mmoja alipigwa picha akiwa amesinzia kwenye daladala, mdomo wazi, ikageuzwa stika, na kundi la WhatsApp la darasa likawa linaitumia kujibu kila kitu. Alianza kukosa shule. Nilimwita pembeni nikamuuliza kama niligusie darasani. Alisema bora lizungumzwe, maana wote wameshaiona.

Sikumsaka aliyeitengeneza. Nilichora simu moja ubaoni, nikawaambia waongeze simu nyingine kila mahali stika ilikofika. Mishale ikaenda kwa kaka, kwa kundi la mtaa, kwa binamu Mwanza. Ubao ulipojaa niliuliza: aliyeianzisha akiifuta leo, inafutika wapi? Kwake tu. Kijana mmoja akajitetea, "Mimi sikuitengeneza, nilituma tu." Mwenzake akamwonyesha mshale wake ubaoni na yote iliyotokana nao. Mabishano hayo yalimaliza kipindi na kuendelea mapumzikoni, na niliwaacha, kwa sababu neno la mwenzake lilimwingia kuliko lolote ambalo ningesema mimi. Walikubaliana wenyewe kwamba picha ya mtu haipigwi wala haitumwi bila ruhusa yake, na anayeipokea aishie nayo hapo, kisha amkanye faraghani aliyemtumia. Waliokuwa wakiitumia walimfuata binti yule kumwomba radhi, si wote, ila wengi. Akarudi shule.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 niliileta baada ya hapo. Wanapaswa kujua kwamba kumtumia mtu ujumbe wa mtandaoni kwa nia ya kumnyanyasa au kumuumiza kihisia ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini sikubaliani na wanaoanza na jela. Mtoto aliyetishwa hufunga mdomo, na anayefunga kabisa ni yule aliyevujishiwa picha, kwa kuwa anaamini lawama itamwangukia yeye. Ndiyo maana nilitumia muda mrefu zaidi kwenye namba 116, simu ya bure ya mtoto, nikihakikisha kila mmoja anaikumbuka kichwani.

Kunakili kazi za nyumbani kutoka mtandaoni tulikumaliza haraka: nilitaka kila mtu ataje alikotoa na aeleze kwa mdomo alichoandika.

Bado stika zinatengenezwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanakuja kuniambia mapema, mara nyingine kabla mwenye sura hajaiona. Kilichobaki ni wazazi, ambao simu ni zao na wengi hawajui kilichomo. Tumepanga nao Jumamosi moja, na ubaoni watasimama wanafunzi wenyewe.