Jáchymov, bonde lililozaa neno dola

Nilikwenda Jáchymov kwa sababu ya neno moja: dola. Tangu shuleni napenda kufuatilia maneno hadi yalikozaliwa, na hili lilinipandisha milimani, karibu na mpaka wa Ucheki na Ujerumani, kilomita kama 20 kutoka Karlovy Vary. Mji wenyewe ni kama barabara moja ndefu inayopanda katikati ya vilima vya misonobari. Nyumba zimebanana huku na huku, kwa kuwa bonde ni jembamba na hakuna pa kutanukia.

Mji ulianzishwa mwaka 1516, baada ya madini ya fedha kuonekana. Wenyeji wa wakati huo walizungumza Kijerumani, wakauita Joachimsthal, bonde la Mtakatifu Joachim, babu yake Yesu. Mabwana wa eneo, akina Schlick, wakafua sarafu nene za fedha zilizoitwa Joachimsthaler. Jina refu mno kwa watu wa sokoni! Likakatwa, likabaki thaler, na humo ndimo ilimotoka dola. Hata reale ya Maria Theresa, iliyopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Zanzibar karne ya 19, ilikuwa thaler. Nyumba ya kufulia sarafu ipo hadi leo, juu karibu na kanisa la Mtakatifu Joachim, na sasa ni makumbusho. Nilikaa humo asubuhi nzima. Kanisa nilipita haraka: moto wa 1873 uliliteketeza pamoja na sehemu kubwa ya mji, likajengwa upya.

Nilidhani safari yangu ingeishia kwenye sarafu. Lakini katika miamba hiyohiyo wachimbaji walikuwa wakikutana na jiwe jeusi, zito, walilolitupa. Waliliita pechblende, na Pech kwa Kijerumani ni lami, tena ni mkosi. Ndani yake mna urani. Karne ya 19 ikatumika kutia rangi kwenye vioo, na masalia yake yakamwagwa msituni. Mwanasayansi Marie Curie aliagiza masalia hayo. Yakamfikia Paris yakiwa vumbi la kahawia lililochanganyika na majani ya misonobari, na humo akaipata elementi ya radi (radium). Wachimbaji, kwa upande wao, walikuwa wakifa mapema kwa ugonjwa wa mapafu kizazi baada ya kizazi, na muda mrefu ukapita kabla haijajulikana kuwa ni saratani inayoletwa na gesi ya radoni.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945 karibu Wajerumani wote walifukuzwa. Urani ikawa inakwenda Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya mabomu, na miongoni mwa waliotumwa kuichimba walikuwamo wafungwa wengi wa kisiasa: mapadri, wanafunzi, wakulima waliokataa kutoa mashamba yao. Kuna njia ya kumbukumbu msituni iitwayo Jáchymovské peklo, jehanamu ya Jáchymov. Niliifuata peke yangu. Katika baadhi ya kambi, wafungwa walisongamanishwa bega kwa bega, wakazungushiwa waya wa chuma kundi zima, wakatembezwa hivyo kwenda shimoni. Waliuita msafara huo basi la Kirusi. Nilijaribu kuwaza mmoja akijikwaa, wengine wanafanyaje, nikashindwa kuendelea kwa muda.

Jioni niliteremka hadi chini ya mji, kwenye bafu za tiba zilizoanza mwaka 1906. Maji yake yenye radoni yanavutwa kutoka mgodi wa Svornost, uleule waliouchimba watafuta fedha, kisha wafungwa. Wazee waliokuja kutibiwa viungo walikuwa wakitembea polepole mbele ya hoteli ya Radium Palace, taulo mabegani. Mama mmoja aliniuliza kwa ishara kama magoti yananiuma. Nikamwonyesha viatu vyangu vilivyojaa tope la msituni, akatazama juu kule nilikotoka, akatikisa kichwa taratibu, asiseme neno.