Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa bayolojia, Lamu

Saa kumi na mbili asubuhi. Mahamri, mbaazi, chai ya maziwa. Kwenye simu kuna swali la mwanafunzi tangu usiku: "Mwalimu, ulisema ubongo una seli shina, zile zinazozaa seli mpya. Mbona basi nyanya amesahau jina langu?" Somo nililoandaa naliweka kando.

Saa moja. Kichochoroni najibana ukutani kumpisha punda aliyebeba saruji. Hana habari na kengele ya shule.

Saa mbili na nusu, Kidato cha Nne. Nawaeleza kuwa DNA, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, huharibika hata mwili ukiwa umetulia. Tomas Lindahl, aliyeonyesha hilo, aligawana Nobel ya Kemia ya 2015 na Paul Modrich na Aziz Sancar. Kila seli hupata madhara maelfu kwa siku, na mengi hurekebishwa. Sasa, seli shina za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, nyingi hulala muda mrefu bila kugawanyika. Seli iliyokwisha kunakili DNA yake ili igawanyike, nyuzi mbili zinazounda DNA zikikatika zote, husoma ile nakala na kurekebisha sawasawa. Iliyolala haina nakala. Huunga ncha kwa ncha tu.

Nachana ukurasa wa daftari, naubandika kwa selotepu. Pale palipochanika herufi hazisomeki. Jirani aliyenakili somo hilohilo anajaza yote. Darasa linanyamaza, jambo adimu.

Miaka ikienda makosa hurundikana. Baadhi ya seli hazizinduki tena. Kwa panya, seli mpya za neva hupungua sana uzeeni. Kwa binadamu wataalamu wanabishana: 2018 timu moja haikuziona kwa watu wazima, nyingine ikaziona hadi kwa wazee.

Saa nne, mapumziko. Namwambia mwenye swali ukweli: kusahau kwa nyanya huenda kukatokana na mengine kabisa, presha, kiharusi kidogo, au ugonjwa unaoua neva alizonazo. Ampeleke akapimwe.

Mchana ni kusahihisha madaftari. Tuliache hilo.

Saa kumi na moja jioni, uwanja wa Mkunguni, kahawa chungu. Mzee mmoja ananionyesha tangazo la WhatsApp: vidonge vya "kuamsha seli shina za ubongo".

"Wasemaje, mwanangu?"

"Mzee, seli yenye DNA mbovu ikiamshwa igawanyike, inaweza kuzaa saratani. Na hao hawajaonyesha hata kama inaamka."

Anatikisa kichwa, kisha analituma tangazo kwenye kundi la familia. Chini yake ameandika: "Mwalimu asema tusinunue."