Kamba wangu ana mayai!

Leo asubuhi, kati ya kamba wadogo (wale jamii ya uduvi) ninaowafuga kwenye tangi la maji, nimemkuta mmoja kabeba mayai ya manjano chini ya tumbo, anayapepea kwa vijiguu vyake kama mtu anayepepea jiko la mkaa. Nimepiga kelele hadi jirani kagonga ukuta.

Maana mara ya kwanza nilichemka vibaya. Nilimwaga udongo mpya kwenye tangi, nikapanda majani, kesho yake nikatia kamba wekundu 10. Siku ya tatu hakuna aliyebaki. Kumbe udongo ule wa mimea ukiwa mpya unatoa amonia, sumu kwa kamba, kwa wiki kadhaa! Safari hii nimesubiri wiki 6, napima maji mpaka amonia na nitriti (nayo ni sumu kwao) zote zikasoma 0. Maji ya bomba nayo nayatoa klorini kwanza.

Mke wangu bado anauliza tutawakaanga lini.